Upepo Upite, Macho Yasipite

Katika Hai Mauna, mtaa mmoja wa Juba, siku huanza na nyundo. Mafundi wa chuma huamka mapema, kabla jua halijakaza. Wanajua kwamba saa sita ikifika, chuma kitakataa kushikwa. Basi kunapambazuka tu, na mtaa mzima unalia kama ndoo.

Majok ni mmoja wa mafundi hao. Anachomelea milango, madirisha na vitanda. Ni kijana mrefu, mcheshi, na kazi yake ni safi. Mlango wa Majok haulii wala haupindi. Mke wake anaitwa Akuac. Mwaka huu, mwezi wa Februari, Akuac alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Ajok. Majok alifurahi mpaka akamtengenezea kitanda chenye maua ya chuma pembeni. Majirani walimwuliza kama amezaa malkia. Akawajibu kwamba hilo lilikuwa wazi, kwa nini wanauliza.

Majok na Akuac wote walikulia Kitale, nchini Kenya. Wazazi wao walikimbilia huko wakati wa vita. Kitale ni mji wa baridi. Asubuhi kuna ukungu, jioni upepo unashuka kutoka mlimani. Mtoto wa Kitale anavikwa sweta, kofia na soksi, na bado bibi yake anaona hajavaa kitu. Huko, nyumba nzuri ni nyumba isiyoingiza upepo. Wazee walijenga hivyo, na watoto wao wakajifunza hivyo.

Kwa hiyo Majok alipopata kiwanja kidogo Juba, alijenga kama mtu anayekimbia baridi. Kuta zilikuwa za mabati na paa lilikuwa la mabati. Kati ya ukuta na paa kulikuwa na nafasi. Akaiziba yote kwa vipande vya bati. Akaweka mlango mmoja wa chuma na dirisha moja dogo la chuma. Alipomaliza alizunguka nyumba akiigonga gonga kwa furaha, akasema hata panya hapati pa kupita. Mafundi wenzake walimpongeza. Hakuna aliyesema kwamba palipomshinda panya, upepo nao umeshindwa.

Tusimcheke Majok peke yake. Tunakumbuka Juba ilivyokuwa na tukul nyingi, zile nyumba za udongo zenye paa la nyasi. Jua la Machi lilikuwepo tangu hapo, na mtu aliingia tukul mchana akalala. Vita vikaja, nyasi zikachomwa, watu wakatawanyika. Waliporudi walikuta malori ya mabati yamejipanga. Wakaambiwa kwamba udongo ni ushamba na nyasi ni umaskini. Waliosema hivyo walikuwa wanauza mabati. Watu wakanunua. Hakuna muuzaji aliyetoka na mnunuzi wake akamwambia: ndugu, hili bati ukilifunga vibaya, litakupika.

Sasa nenda Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, uone. Kule jenereta zinanguruma mchana kutwa. Ndani ya ofisi watu wanavaa makoti kwa baridi ya mashine. Ile hewa ya moto inayotolewa ndani inatupwa wapi? Inatupwa nje, barabarani, kwetu sisi tunaopita kwa miguu. Hao hawatatufundisha kupoza nyumba. Itabidi tufundishane wenyewe.

Mtoto alipozaliwa, mama yake Akuac alisafiri kutoka Kitale kuja kumsaidia binti yake. Jina lake ni Mama Adhieu. Ni mama mwenye sauti nzito na mikono isiyotulia. Alileta mablanketi matatu ya sufu, kofia za kufuma, na soksi ndogo za rangi ya waridi.

Hapo likatokea jambo la heshima. Kwa watu wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hali chakula mbele yake. Akimwona njiani, anapisha. Katika boma kubwa la ng'ombe jambo hilo ni rahisi, maana kila mtu ana nyumba yake. Lakini katika nyumba ya chumba kimoja Hai Mauna, utapisha wapi?

Majok hakuwaza mara mbili. Alinunua mbao nyembamba akagawa nyumba katikati. Ukuta wa mbao ulianza sakafuni ukafika kwenye paa, na mlango wake mdogo ukafunikwa kwa pazia zito. Chumba cha ndani ndicho cha heshima, kwa hiyo akampa mama mkwe, pamoja na Akuac na mtoto. Yeye akabaki chumba cha nje, penye mlango na dirisha. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe. Lakini tazama matokeo: dirisha pekee lilibaki kwake, na wale aliowaheshimu akawafungia kwenye tanuri.

Mama Adhieu alikuwa na njia yake ya kuzungumza na mkwe wake. Hakumwambia neno moja. Alisimama nyuma ya nyumba akazungumza na kuku.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "huko unakotembea, ukimwona mwenye nyumba, mwambie makaa yamekwisha."

Na Majok, upande wa pili wa ukuta, alimjibu kuku huyo huyo kwamba makaa yatafika jioni. Watoto wa jirani walimpenda sana kuku yule. Walisema ndiye kuku pekee Juba mwenye kazi ya ofisi.

Mwezi wa Machi ulipoingia, kicheko kilipungua. Kila siku, ikifika saa tano, chumba cha ndani kilianza kuwaka. Paa lilikuwa linalia ti, ti, ti, kama sufuria juu ya jiko. Ajok alitoka vipele vyekundu shingoni na mgongoni. Alilia mpaka sauti ikakauka. Akuac alimfungua blanketi, mama yake akamfunga tena. Mama Adhieu alisema mtoto mchanga hapigwi na upepo, kwamba amelea watoto wanane Kitale kwa mablanketi hayo hayo, na hakuna aliyekufa kwa kuvaa.

Siku moja mchana, Ajok aliacha kulia. Akuac alimweka kwenye ziwa, hakunyonya. Mwili ulikuwa wa moto na mikono yake ililegea. Akuac alitoka nje mbio, mtoto kifuani, bila viatu.

Aliyemwona kwanza ni Kisakye. Huyu ni mama Mganda, ana hoteli ya chakula upande wa pili wa njia. Watu humwita Mama Edrine, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alimshika Akuac, akamwingiza hotelini, akamvua mtoto blanketi, kofia na soksi. Akachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akampangusa kichwa, makwapa na mapaja, huku akimpepea kwa sahani ya plastiki. Kisha akaita pikipiki, wakaenda zahanati.

Muuguzi alimpima Ajok, akamwangalia vizuri. Wakati huo mtoto alikuwa ameanza kutafuta ziwa mwenyewe. Muuguzi alisema hakuna malaria wala kifua. Ni joto. Akamweleza Akuac pole pole. Mtoto mchanga hajui kutoa jasho kama mtu mzima, kwa hiyo wakati wa jua avikwe nguo moja nyepesi, au nepi tu. Anyonye mara nyingi kuliko kawaida. Asipewe maji, maana hajafika miezi sita, na maziwa ya mama ndiyo maji yake na chakula chake. Mama mwenyewe ndiye anywe maji kwa wingi. Na mtoto akiwa moto sana, akilegea au akikataa kunyonya, wasingoje jioni, wamlete mara moja.

"Dawa ninayo kidogo," muuguzi alisema. "Lakini ugonjwa uko kwenye nyumba. Ukimrudisha kwenye joto lile lile, kesho mtakuwa hapa tena."

Mama Adhieu alipata habari hizo. Alimtazama mjukuu wake, akakunja mablanketi akayafungia kwenye begi. Alikuwa ameogopa kweli. Lakini hofu yake ilitoka kwa njia ya hasira. Jioni ile alisimama nyuma ya nyumba.

"Kuku, nisikilize. Jumamosi kuna basi. Binti yangu na mjukuu wangu watapanda basi hilo na mimi, tunarudi Kitale. Mwambie mwenye nyumba. Hakuna ubaya. Aje atuchukue mvua ikinyesha."

Majok hakumjibu kuku. Aliketi kwenye kitanda chake, mikono magotini. Alijua maana ya maneno yale. Kaka yake alimruhusu mkewe aende kwao msimu mmoja tu, sasa ni miaka, na watoto wanamwita baba yao "mjomba". Kitale ni mbali. Barabara ni ghali na ina hatari zake. Majok alikuwa amelelewa katika familia iliyokatwa vipande na vita, na aliapa kwamba yake haitakatwa. Sasa ilikuwa inakatwa na bati.

Akuac hakutaka kwenda. Lakini hakutaka mtoto apikwe. Kesho yake asubuhi alivuka njia kwenda kwa Kisakye.

Hoteli ya Kisakye nayo ni ya mabati. Lakini ukiingia mchana, unahisi kama umevuliwa mzigo kichwani. Madereva wa malori wanaotoka Sherikat, ng'ambo ya daraja, hupita hoteli nyingine zote ili wale hapo. Akuac alimwuliza siri ni nini.

Kisakye alicheka. Alisema zamani hapakuwa na siri, palikuwa na aibu. Wateja walinunua chakula kwake, wakabeba sahani, wakaenda kula chini ya lori.

"Chini ya lori, nyabo," alisema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Mimi iko na meza, iko na kiti, na watu nakula na magurudumu. Hapo mimi nasema, hii mabati nitapigana nayo."

Akamtembeza Akuac ndani. Akamwonyesha mikeka ya mafunjo aliyoitandaza chini ya paa, na nafasi ya kama shubiri mbili kati ya mikeka na bati. Jua linapiga bati, bati linawaka, lakini moto ule unakutana na mkeka, haushuki kichwani kwa mtu. Akamwonyesha jinsi nafasi chini ya paa ilivyoachwa wazi pande mbili, ikawekwa wavu tu. Hewa ya moto inapanda juu na kutoka hapo. Akamtoa nje akamwonyesha paa lenyewe, limepakwa rangi nyeupe. Bati jeupe linarudisha jua lilikotoka.

"Na jiko?" Akuac aliuliza.

"Jiko iko nje. Wewe napikia wapi?"

Akuac alitazama chini. Alipikia mlangoni, ndani kidogo, kwa sababu Kitale jiko ndilo linalopasha nyumba joto.

"Basi wewe nawasha jua ya pili," Kisakye alisema. Akaongeza kwamba moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaweza kuua watu wakiwa usingizini, bila kelele. Kwa joto au kwa baridi, Juba au Kitale, jiko la makaa lisiingie anapolala mtu. Hilo Akuac alilishika.

Wakaenda kuitazama nyumba. Mafundi wenzake Majok walikusanyika pia, maana hakuna kitu kinachomfurahisha fundi kama kosa la fundi mwingine. Kisakye alikata utepe wa mfuko wa plastiki. Aliushika nje, utepe ukacheza. Akaingia chumba cha nje, ukacheza kidogo karibu na dirisha. Akaingia chumba cha ndani, utepe ukaning'inia kimya kama mkia wa ng'ombe aliyekufa.

"Ssebo," alimwita Majok kutoka ndani, "hii nyumba iko muzuri sana. Lakini hiyo upepo naye ni mgeni. Wewe nakataza yeye kuingia."

Fundi mmoja, Ojok, alisema Majok ajenge jela, serikali itampa kazi. Mwingine akasema hapana, jela ina dirisha. Majok alicheka nao, lakini masikio yake yalikuwa yanawaka.

"Mama Edrine, mimi ni fundi," alisema. "Hii ukuta nimechomelea na mkono yangu. Unaniambia nikate?"

"Kata."

"Na hii ya mbao?"

Kisakye alisema hiyo ndiyo ya kwanza, iondoke. Upepo unaingia upande mmoja ili utoke upande wa pili. Ukiweka ukuta katikati mpaka juu, umemkata shingo.

Hapo mambo yalisimama. Majok alisema hapana. Paa atapaka, jiko atatoa, mabati atakata, lakini ukuta wa mbao hautoki. Hatalala chumba kimoja na mama mkwe wake kama mtu asiye na kwao. Na kutoka nyuma ya nyumba sauti ya Mama Adhieu ilimuunga mkono. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana.

"Hata nikiiva kama kiazi," Mama Adhieu alisema, "heshima haivunjwi kwa sababu ya jasho."

Kisakye alikaa kwenye ndoo akafikiri. Wengi wangewacheka. Wengi walio na shule wangewaambia waache mila za kizamani. Kisakye hakufanya hivyo. Kwao Masaka pia mkwe na mama mkwe hawagusani, na yeye mwenyewe ameshawahi kujificha kwenye shamba la migomba kumpisha mkwe wake.

"Jaja," alimwita bibi huyo kwa upole, akielekeza sauti ukutani, "nauliza kitu moja. Heshima nakaa kwa macho ama nakaa kwa upepo?"

Mama Adhieu alifikiri, akajibu kwamba inakaa kwa macho.

"Basi tunafunga macho. Upepo tunaacha yeye apite."

Akaeleza. Mbao zitoke, na mahali pake pawe na uzio wa matete yaliyosukwa. Uzio uanze shubiri moja juu ya sakafu na uishie juu ya kichwa cha mtu mrefu, usifike kwenye mkeka wa paa. Matete yakisukwa kwa mshazari, mtu haoni ng'ambo, lakini hewa inapita katikati yake, chini yake na juu yake. Pazia zito livuliwe, liwekwe la kanga. Na mama mkwe awe na mlango wake mwenyewe nyuma ya nyumba, atoke na kuingia bila kumpisha mtu.

Mlango wake mwenyewe. Mama Adhieu alikohoa. Alisema kuku amwambie mwenye nyumba kwamba maneno ya yule mama Mganda si mabaya. Lakini basi ni Jumamosi, na tiketi zinakatwa Ijumaa jioni. Yeye hatamwacha mtoto kwenye tanuri kwa ajili ya maneno.

Basi Majok alikuwa na muda mfupi. Alienda mtoni kwa Duku. Duku ni mzee wa Kibari anayesuka mikeka na uzio. Watu wake walikuwa hapa kabla ya Juba kuitwa mji, na hajawahi kuona aibu ya nyasi hata siku moja. Majok alipomweleza anachotaka, Duku alimwuliza alikuwa wapi miaka yote hii. Majok akasema alikuwa Kitale. Duku akampa pole kama mtu aliyefiwa. Wakapatana, mikeka ikapakiwa kwenye mkokoteni.

Siku ya kazi ilikuwa sherehe. Kisakye alipika sufuria kubwa ya maharage na posho, ule ugali wa kwao, akasema atakayeshika nyundo atakula, atakayeshika mdomo atanusa. Ojok na mafundi wengine walikuja na vifaa vyao. Kwanza walikata mabati. Waliziba nafasi zilizobaki wazi? Hapana, walifungua zilizozibwa. Vile vipande vya bati chini ya paa viling'olewa vyote, na kila kimoja kilipoanguka watu walishangilia. Majok akaweka wavu wa mbu na vyuma vyembamba vya kuzuia mwizi. Kisha akakata dirisha kubwa upande ambako utepe wa Kisakye ulicheza zaidi, na jingine upande wa pili likitazamana nalo, na nyuma akakata mlango mdogo wa mama mkwe. Hapa fundi alikuwa nyumbani kwake. Alichomelea kwa haraka na kwa usafi mpaka Ojok akanyamaza.

Mikeka ikapanda chini ya paa. Kisakye aliwaonya juu ya mambo mawili. Mkeka ni kitu cha kushika moto, kwa hiyo mshumaa na jiko vikae mbali nao. Tena ushushwe mara kwa mara ukung'utwe, maana nge na panya nao wanapenda baridi.

Paa lilipakwa chokaa iliyochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala, ili isitoke na upepo. Kisakye alisema mvua kubwa zitaila kidogo kidogo, na kila kiangazi kinapoanza watapaka tena. Mafundi walishuka wakiwa weupe kama mizimu. Watoto waliwakimbia, kisha wakarudi wakaomba kupakwa.

Mbele ya nyumba, upande wa jua la alasiri, walisimamisha rakuba, kile kibanda cha kivuli cha miti na mikeka kilichopo karibu kila kiwanja cha Juba. Jiko likahamia hapo pembeni. Ukuta wa mabati upande ule haukupigwa tena na jua. Akuac alipanda mbegu za maboga chini ya nguzo, ili mvua zikija mashina ya maboga yapande na majani yafanye kivuli bila kulipwa.

Mwisho kabisa, ukuta wa mbao uling'olewa. Kabla haujatoka, wanawake walimzunguka Mama Adhieu kwa kanga, na Majok akatazama upande wa mtoni kama askari wa zamu. Uzio wa Duku ukasimama. Mama Adhieu aliukagua mwenyewe. Alimsimamisha Akuac upande wa pili, akamwuliza anaona nini. Akuac akasema haoni kitu. Akamwambia achungulie vizuri, asiseme uongo kwa kumpenda mume. Akuac akachungulia, akasema kweli haoni kitu. Kisha Kisakye akauinua utepe wake wa plastiki ndani ya chumba cha heshima. Utepe ukanyanyuka, ukageuka, ukacheza.

Wanawake walipiga vigelegele. Mafundi walianza wimbo, na mmoja akaupigia mdundo kwa nyundo juu ya kipande cha bati. Hata Duku, aliyekuja tu kudai mkokoteni wake, alicheza kidogo na mabega.

Kisakye alimfundisha Akuac jambo moja zaidi. Nyumba ya udongo unaifunga mchana, inatunza ubaridi wa usiku. Lakini nyumba ya mabati haitunzi kitu, kwa hiyo madirisha yake yabaki wazi. Jua likizidi, chukua shuka kuukuu, ulilowanishe kwa maji ya mwisho ya kufulia, ulitundike kwenye dirisha linaloingiza upepo. Upepo ukipita kwenye maji unapoa. Hiyo ni kwa kiangazi, hewa inapokuwa kavu. Mvua zikianza, shuka liondolewe, litaleta unyevu tu.

Ijumaa ilifika. Jua lilikuwa lile lile. Mbwa walilala chini ya magari na ndimi nje. Kule Thongpiny jenereta zilinguruma kama kawaida. Mama Adhieu alikuwa amekwisha funga begi lake. Alimwambia Akuac ajitayarishe, jua likipinda wataenda kukata tiketi. Akuac hakubishana. Alimnyonyesha Ajok akiwa na nepi tu, vipele vyake vimekauka. Mtoto akashiba, akalala.

Mama Adhieu alisema naye atajinyoosha kidogo kabla ya kutoka. Akajilaza juu ya mkeka, Ajok pembeni yake. Upepo ulipita chini ya matete, ukapita juu ya watu wawili, ukatoka dirishani.

Majok alirudi kutoka karakana mapema. Hakuweza kufanya kazi siku hiyo. Aliketi chini ya rakuba akisubiri kuitwa kutoa pesa za tiketi. Jua likapinda. Hakuna aliyemwita. Akasikia sauti kutoka chumba cha ndani, nzito, ya pole pole, kama msumeno kwenye mti mbichi. Alimtazama Akuac. Akuac akaweka kidole mdomoni.

Mama Adhieu alikuwa anakoroma. Mchana wa Machi, Juba, chini ya mabati.

Kisakye alivuka njia kuuliza kama tiketi zimekatwa. Wakamnyamazisha kwa mikono. Ojok akaja, naye akanyamazishwa. Akina mama wawili wa jirani walikuja na watoto wao wachanga kuona nyumba mpya, wakaketi chini ya rakuba wakinong'ona, na mmoja wao akamwuliza Duku anapatikana wapi. Karakana ya karibu ikapelekewa ujumbe iache nyundo kidogo. Nyundo zikaacha. Ofisi ya mabasi ilifungwa, na hakuna aliyetoka kwenda kuitafuta.

Jua lilipokuwa linazama, Mama Adhieu aliamka. Alikaa. Akatazama dirisha, akajua ni saa ngapi. Wote nje walisubiri. Alimgusa Ajok shingoni kwa mgongo wa mkono, akamgusa tumboni, akamgusa nyayo. Mtoto alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, anapumua vizuri.

"Akuac," aliita.

"Mama."

"Mwambie huyo fundi dirisha liko juu mno. Mtu aliyelala hapati upepo wote. Kesho akate jingine chini, upande huu wa kichwa changu."

Akuac alitoka kumwambia mume wake. Hakukuwa na haja. Majok alikuwa amekwisha simama, futi ya kupimia mkononi.